Mobius II ya mkononi: inaiweza barabara ya murram, ila uliza spea kwanza

Tangu zile habari za kampuni ya Mobius kufungwa zitoke watu wananiuliza sana kuhusu hii Mobius II yetu, gari ya kuundwa hapa Kenya, kama wanunue ama waachane nayo, sasa wacha niandike yote hapa. Yetu ni kizazi cha pili, ile ilizinduliwa 2018 ikianzia kama shilingi milioni 1.3, petroli 1.8, gia ya mkono, magurudumu ya nyuma pekee ndio yanasukuma.

Kwa barabara naipenda sana. Huku Makueni ndani ni murram na makorongo na hii gari imeinuka vizuri, body imejengwa juu ya mabomba ya chuma, unapakia kreti za maembe na bado unapita mahali gari ndogo inagusa tumbo. Ndani hakuna mambo mengi, na mimi hiyo naona ni sifa kwa sababu fundi wa sokoni anafungua boneti anaelewa kitu anaona. Lakini si 4x4, kwa hivyo mvua ya Novemba ikilainisha udongo mweusi usiforce. Ile ya kwanza ya 2014 iliuzwa kama laki tisa na nusu na haikuwa hata na vioo vya madirisha wala AC, kwa hivyo ukiona ya bei rahisi sana angalia ni ya mwaka gani.

Sasa hii maneno ya plant, yaani kiwanda cha hizi gari. Joel Jackson, Mwingereza aliyeianzisha, alitaka gari ya bei nafuu ya barabara mbovu za Afrika, na za kwanza ziliunganishwa Thika pale KVM, kiwanda kinachounganishia kampuni zingine magari, kabla ya kampuni kuwa na plant yake Nairobi. Wazo lilikuwa zuri na bado naamini ni zuri. Shida ni kwamba mtu akishika milioni na kitu anaenda yard ya magari ya mkononi anachukua Toyota Probox iliyotoka Japani, sheria inaruhusu isizidi miaka 8, na spea zake ziko mpaka kwa duka la kijiji. Plant ya magari machache inashindana aje na hiyo? KVM yenyewe ilianza 1974 kama Leyland na bado iko, AVA, kiwanda kingine cha kuunganisha magari Mombasa, iko, na Isuzu pale Mombasa Road, ile ilikuwa GM mpaka 2017, bado inatoa malori na basi kila siku. Hao wanaishi kwa malori, basi na pickup, na KVM na AVA wanaunganishia kampuni tofauti tofauti, hawategemei modeli moja. Agosti 2024 Mobius ikatangaza inafungwa sababu ya madeni, na mwezi huohuo tukasikia kampuni ya Silver Box wanainunua. Iliniuma, kuna vijana wetu walijifunza kuchomelea na kupaka rangi gari nzima pale ndani.

Kwa mnunuzi, kufungwa kunamaanisha shida ya spea. Filta, plagi, brekipedi, hizo fundi anayejua atakutafutia zinazoingiliana pale kwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi. Body na vioo ndio kazi, hapo itabidi mafundi wa jua kali wakuchongee.

Kwa hivyo kama unaitaka, peleka fundi alale chini aangalie kutu kwenye maungio ya yale mabomba, usikubali kuonyeshwa rangi tu. Muulize mwenyewe kama ana spea ameweka nyumbani, akupe zote ziwe ndani ya bei. Na akikuitisha pesa sawa na Probox ya mwaka huohuo, mwambie ashuke sana, asiposhuka mwachie.