TAHADHARI: Anakuuzia filta feki ya dizeli, kisha anakuuzia na pampu

Wenye magari ya dizeli, kaeni chonjo na muuzaji wa spea anayejinadi kwa "filta orijino za kiwandani". Mimi alinipata kwenye filta. Kwenye pampu alinikosa kidogo tu, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma nikaamua kuandika.

Baada ya kufunga filta yake, tambarare gari lilikwenda bila neno. Nikianza mlima na mzigo, nikikanyaga mafuta linaguna, linakosa pumzi, taa ya injini inawaka na mwendo unakufa. Nikizima na kuwasha, linapona. Mashine ya kusomea hitilafu ikatoa P0087, yaani presha ya dizeli kwenye reli (bomba linalozigawia mafuta nozeli, vile vipulizio vya ndani ya injini) iko chini mno. Nikampigia muuzaji. Hakuuliza hata swali moja: "Bosi, hiyo pampu ya presha imekwisha. Ninayo moja safi, nikutumie?"

Bahati yangu fundi ni mbishi. Akaunga geji ya mvuto kati ya filta na pampu, pamoja na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Injini ikiunguruma taratibu, mshale umetulia. Alipopiga resi mshale ukazama, na mpirani yakapita mapovu kama ya soda. Pampu ilikuwa inanyonya kwa nguvu zake zote, mafuta hayaji. Tukafunga filta ya kuaminika: mshale ukacheza kidogo tu, mapovu yakaisha. Mlima uleule gari likaupanda na pampu ileile "iliyokwisha".

Ile feki tukaikata kwa msumeno wa chuma. Mikunjo ya karatasi imelaliana na kushikana kama kurasa za daftari lililolowa, na upande mmoja gundi imeachia. Yaani inabana mafuta na wakati huohuo inapitisha uchafu! Na pampu ya komoni reli (mfumo wa dizeli wenye reli moja kwa nozeli zote) hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikikosa mafuta au ikipata vumbi, chuma kinasaga chuma na unga wake unaishia kwenye nozeli. Ningeendelea na filta ile, pampu ingekufa kweli, na yeye angeonekana mkweli.

Kwa hiyo ukiambiwa pampu imekufa, kwanza mvuto upimwe. Kagua mipira iliyopinda na chujio la ndani ya tangi. Kama gari lina pampu ya mkono ya kuvutia dizeli na unaikuta imenywea, kizuizi kiko kabla yake, upande wa tangi. Filta kufanana umbo na uzi wa kufungia si hoja. Kinachotofautiana ni karatasi ya ndani, na hiyo huioni dukani. Linganisha namba yake na ya mtengenezaji wa gari.

Nilipomtumia picha za filta iliyokatwa alinibloku. Siku hizi anatumia jina jingine, ila picha ya maboksi juu ya kitambaa cha bluu ni ileile.