Vita Pangoni, Waumini Kambini: Gemu Ipi Inastahili Fedha Yako?

Malalamiko ya wasomaji kuhusu gemu zinazochanganya mapigano ya pangoni na utawala wa dhehebu au kijiji cha kutisha yanafanana mno: mtu amevutiwa na tangazo linaloahidi mambo mawili kwa bei ya moja, amelipa, na baada ya jioni chache amegundua kwamba upande mmoja ni pambo tu. Wengi huilaumu michoro, ugumu wa maadui au ufupi wa hadithi. Hayo kila mhakiki huyaeleza, nami sitayagusa. Kasoro ninayoitafuta mimi kabla ya kumshauri mtu yeyote anunue ni saa: ukiwa pangoni unapigana, je, kule kambini muda unakwenda au umesimama kukungoja? Muda ukiwa umesimama, basi umeuziwa gemu mbili zilizofungwa kwa kamba moja, na hakuna wingi wa silaha utakaoziunganisha.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Cult of the Lamb bila kusita, na sifichi kwamba naipendelea. Ilitengenezwa na Massive Monster ya Australia na kutolewa na Devolver Digital mwezi wa Agosti 2022. Wewe ni Mwanakondoo aliyenusurika kuchinjwa kafara, uliyepewa taji jekundu na mungu aliyefungwa minyororo, na deni lako ni kumjengea dhehebu huku ukiwaangamiza maaskofu wanne wa imani ya zamani, kila mmoja katika eneo lake. Saa ya kambini haisimami hata kidogo. Uko katikati ya chumba chenye maadui, pembeni mwa skrini unaibuka ujumbe kwamba muumini uliyempa jina mwenyewe ana njaa. Vyumba viwili mbele, mwingine ameugua. Ukirejea unakuta kinyesi na matapishi vimetapakaa, wazee wamekaribia kufa, na pengine mmoja ameanza kueneza maneno ya kukupinga, hivyo inakupasa umfunge mbele ya wenzake hadi atulie. Ukiwapikia uji wa nyasi kwa kukosa kitu bora, njaa inapungua lakini imani nayo inashuka. Nguvu unazokwenda nazo vitani hutokana na mahubiri unayowatolea waumini haohao mara moja kwa siku, kwa hiyo uzembe wa kambini unaulipia pangoni, na ushujaa wa pangoni uliozidi muda unaulipia kambini.

Hata hivyo, mapenzi yangu hayanizuii kusema kwamba saa hiyo hupoteza makali kadiri mchezo unavyosonga. Ukishajenga vituo ambavyo waumini hufagia na kulima wenyewe, ile hofu ya kuacha kambi peke yake inapungua sana, na mapigano, ambayo tangu mwanzo si mazito, yanabaki kubeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Watengenezaji wameongeza mambo mengi kwa masasisho makubwa ya bure, yakiwemo Relics of the Old Faith ya 2023 na Sins of the Flesh ya Januari 2024, lakini mnunuzi asitarajie kwamba theluthi ya mwisho itamkaba koo kama ile ya kwanza.

Nafasi ya pili ni Darkest Dungeon ya Red Hook Studios ya Kanada, iliyokamilika mwaka 2016, na najua kuna watakaokasirika kuiona chini. Kwa ukali wa mapigano haina mpinzani katika orodha hii. Mashujaa wanne hushuka pamoja, mwanga wa mwenge unafifia, na kila mmoja ana kipimo cha msongo wa mawazo: kikifika 100 akili yake hujaribiwa, na mara nyingi huvunjika, kikifika 200 anapatwa na mshtuko wa moyo. Anayekufa hafufuki kwa kupakia mchezo upya. Lakini mji ambamo mashujaa hao hupumzika unakungoja. Wiki hupita pale tu msafara unapomalizika, na hakuna anayekufa njaa nyumbani kwa sababu wewe umechelewa. Kinachoiokoa ni kwamba shujaa aliyevurugika akili inabidi umpeleke kanisani au kilabuni, naye hatapatikana kwa safari inayofuata. Hapo ndipo nyumba na pango vinapogusana kidogo. Tahadhari kwa wanaodhani namba kubwa ni bora: Darkest Dungeon II ilipotoka kamili mwaka 2023 iliuacha mji huo kabisa na kuweka safari ya gari la farasi mahali pake.

Moonlighter ya 2018 ni nzuri, ila si ya kutisha: mchana unauza dukani ulichokiokota pangoni, ukisoma nyuso za wateja ili ujue kama bei yako imezidi. Duka na pango hupokezana, kwa hiyo saa imegawanywa kwa zamu. Graveyard Keeper, nayo ya 2018, ambamo wewe ni mtunza makaburi, inafaulu mtihani wa saa kwa namna ya kuchekesha, maana maiti inayokungoja inaendelea kuoza, lakini mapigano yake ni ya kupitisha muda tu.

Za bei ya chini kabisa na zile za bure za simu sizipi nafasi, kwa sababu huko saa yenyewe ndiyo bidhaa. Dungeon Keeper ya mwaka 1997 ilikuwa kazi ya heshima. Ile ya simu iliyoletwa na EA, kampuni kubwa ya michezo ya Marekani, iliwangojesha watu kwa saa nyingi ili wachimbe kipande kimoja cha mwamba, isipokuwa wanunue vito vya mchezo kwa fedha halisi, na mwaka 2014 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza iliamua kwamba kuitangaza kuwa ya bure kulikuwa kupotosha. Tangu hapo mtindo umeenea badala ya kukoma.

Nalo jambo la wauzaji linanikera. Ukiitafuta Cult of the Lamb kwenye maduka ya mtandaoni, unakuta matoleo kadhaa yamepangwa kana kwamba lile la kawaida lina upungufu, ilhali vifurushi vidogo vya kulipia kama Cultist Pack na Heretic Pack ni mapambo: sura za waumini, mavazi, vitu vya kupamba kambi. Havibadilishi saa wala vita. Nunua toleo la kawaida, tena wakati wa punguzo, kwa kuwa mapunguzo huja mara kwa mara na anayekuharakisha kwa tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma anakuuzia haraka. Woolhaven ni suala jingine, kwani ni upanuzi wa kweli unaoileta baridi kali kambini, lakini ununue baada ya kuumaliza mchezo wa msingi.

Mwenye kuchagua kifaa akumbuke kwamba kambi ikijaa waumini mashine hulemewa, na toleo la Switch, mashine ya michezo ya Nintendo, lilipotoka ndilo lililokwamakwama zaidi. Mwenye kompyuta au PS5, mashine ya Sony, atapumua. Wanaotaka kucheza wawili wanaweza tangu sasisho la Unholy Alliance la Agosti 2024, ambapo wa pili huwa Mbuzi, mradi wote wawili wawe mbele ya skrini moja.