Mbolea ya funza kwenye bustani ya kichanga, njia ya Pangani

Niseme mapema: nanunua tena, ila kwa masharti.

Mbolea yenyewe ni ile inayobaki baada ya funza wa nzi chuma kumaliza kula taka: kinyesi chao, magamba waliyojivua na makombo yaliyowashinda. Wataalamu humwita nzi huyo Hermetia illucens. Hang'ati, akishakua hali kitu, na huishi siku chache tu za kutaga, kwa hiyo asiwatie hofu kama yule nzi wa chooni. Ninayenunua kwake ni kijana wa hapa mjini Tanga anayezoa mabaki ya matunda na mboga sokoni pamoja na makombo ya mama ntilie, anafuga funza kwa ajili ya wenye kuku, na kinyesi anakipakia kwenye viroba.

Bustani yangu iko njia ya Pangani, kabla hujafika Tongoni. Ni kichanga kitupu. Maji ya asubuhi adhuhuri huyaoni. Nalima mchicha, bamia, nyanya chungu na matuta machache ya pilipili, nauza sokoni Mgandini kwa mafungu. Miaka yote nimetegemea samadi ya ng'ombe, ambayo huja na mbegu za magugu ya kila kabila, na urea kidogo pale mchicha unapodorora. Masika yakikolea, urea kwenye udongo huu ni hela ya kumwaga, maana mvua moja kubwa huishusha chini mizizi isikofika.

Mbolea ya funza iliyokomaa ni chenga kavu za rangi ya kahawa, nyepesi mkononi, zenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Kiroba cha kwanza nilicholetewa hakikuwa hivyo. Nilipokifungua amonia ilinipanda puani, na nilipotumbukiza mkono nikakuta joto. Sababu si ngumu. Funza hawa hula kwa wiki mbili hivi tu, basi kinachotoka kwenye beseni ni taka iliyosagwa, haijaoza ikatulia. Vijidudu bado wanaivunja ndani ya kiroba, na mbegu ukiipanda humo inaungua kabla haijatoa jani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa matuta nilijaza makopo mawili, moja udongo mtupu, jingine udongo uliochanganywa na ile mbolea, nikatia mbegu za mchicha kwenye yote mawili. La udongo mtupu lilijaa miche. Lile jingine liliotesha vichache, tena vya manjano. Nikampigia kijana. Akaniambia, "Shikamoo mama, wateja wengi wanaitaka ikiwa imetoka tu bandani." Nikamwambia marahaba baba, ila mimi siitaki hivyo. Nililundika ule mzigo chini ya mwembe, nikaulowesha kidogo, nikaufunika makuti na kuugeuza kila ulipopata joto, mpaka wiki kadhaa baadaye ukapoa wenyewe. Nikarudia makopo, mbegu zikaota sawa kwa sawa. Kazi hiyo ilikuwa ya muuzaji, na bei niliyolipa ilikuwa ya kitu kilichokwisha kuwa tayari. Siku hizi naomba gao moja la kujaribia kwenye kopo kabla sijatoa hela, na amekubali.

Tukija kwenye mboga zenyewe, mchicha ndio ulionishawishi. Mbolea naichanganya na udongo wa juu wa tuta siku chache kabla ya kupanda, na jani linatoka pana, la kijani kilichoiva, bila ule ulaini wa maji unaoletwa na urea nyingi. Nikikata, shina linachipua upesi. Kingine kilichonifurahisha ni unyevu: tuta lenye mbolea hii halinidai maji mara kwa mara kama la jirani yake, nalo ni jambo kubwa kwa mtu anayevuta ndoo kisimani wakati wa jua la kaskazi. Nyanya chungu natia konzi moja kwenye shimo, nafukia kwanza kwa udongo ndipo mche unakaa juu. Bamia sikuona tofauti ya kusimulia; bamia huku hustawi hata ukiinunia.

Asije mtu akakudanganya kwamba inafuta urea. Tupige hesabu. Urea ina nitrojeni asilimia 46, yaani mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23. Mbolea ya funza mara nyingi iko kwenye asilimia 2 hadi 4 kutegemea walichokula, basi kilo 50 zake, tuseme kwa asilimia 3, ni kilo moja na nusu tu, na hata hiyo haitoki yote kwa mpigo. Mwenye ekari za mahindi akitaka kutegemea kinyesi peke yake atahitaji lori. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, wameijaribu kwenye mahindi, sukumawiki na nyanya, na mavuno yalipanda, lakini hesabu ya usafiri ni yako wewe na mfuko wako. Kwangu, kwa kilo, bei yake inaizidi samadi mara kadhaa, ndiyo maana imebaki kwenye mboga za majani na kwenye kitalu.

Kuna jambo linalosemwa sana kuhusu yale magamba. Yana kitini, kile kigumu kilichomo pia kwenye ganda la kamba, na udongo ukikipata huzidisha vijidudu wanaokila, ambao huweza kushambulia hata mayai ya minyoo fundo, wale wanaotia mizizi mafundo. Kwenye tuta moja la pilipili lililokuwa likininyong'onyesha kwa minyoo hao, zamu iliyofuata mizizi ilitoka na mafundo machache. Lakini nilikuwa pia nimelipumzisha na kupanda pembeni bangi mwitu (si ile ya kuvuta), inayosemwa kufukuza minyoo, kwa hiyo sifa zote siwapi funza.

Wateja walinipa kazi kuliko wadudu. Mama mmoja wa makamo alikamata fungu, akalinusa, akaniuliza, "Mwenzangu, nasikia mboga zako zinalishwa funza?" Nikamjibu, dada yangu, na hizo ulizonunua jana zililishwa mavi ya ng'ombe. Alicheka, akachukua mawili.

Kuku je? Wakishajua kuna vifunza vilivyosalia kwenye chenga, hawatakuachia tuta. Chekecheni kwanza, au funikeni kwa makuti hadi miche ishike.

La chumvi ni zito zaidi, hasa kwetu pwani ambako visima vingi tayari vina maji ya ukakasi. Makombo ya hotelini yana chumvi, na funza haiondoi. Inabaki kwenye kinyesi. Mzigo mmoja uliotokana zaidi na wali na mchuzi uliniunguzia ncha za majani ya pilipili, wakati ule wa maganda ya matunda haukufanya hivyo. Basi muulizeni muuzaji funza walikula nini. Muulizeni pia kama kuna kinyesi cha wanyama au cha watu kilichoingia humo, maana kachumbari haipiti jikoni. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka kinyesi cha wadudu kipashwe nyuzi 70 kwa saa moja kabla ya kuuzwa kama mbolea. Kijana wangu hana mtambo wa hivyo, kwa hiyo ile chai ya mbolea, kuloweka na kunyunyizia majani, siifanyi kwenye kitu kinacholiwa kibichi. Namwaga kwenye shina basi.

Upatikanaji hauko sawa mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani mama ntilie hawapiki mchana, makombo yanapungua, funza wanakonda, na viroba vinaadimika. Anayetaka mchicha wa kuuza Idi aagize mzigo wake tangu Rajabu, ili Shaabani aulaze chini ya kivuli ukomae.