Losheni ya kalamini: kwa mbu na kunguni nunua, kwa nyuki usiitegemee

Ile chupa ya losheni ya rangi ya waridi haikosekani kwenye duka la dawa, na muuzaji humpa karibu kila anayesema ameumwa na mdudu. Kazi yake ni moja tu: kutuliza mwasho. Sumu haitoi, uvimbe mkubwa hauondoi.

Kwa kiwango rasmi cha dawa cha Uingereza, kila mililita 100 zina gramu 15 za kalamini na gramu 5 za oksaidi ya zinki. Unga huo hutuama. Usipotikisa, wa kwanza anapaka maji matupu na wa mwisho anabaki na tope. Osha ngozi kwa sabuni, ikaushe, tikisa chupa mpaka chini pasibaki donge, kisha gusisha kwa pamba bila kusugua. Subiri ikauke ndipo uvae, la sivyo shati litachafuka. Ukirudia, osha kwanza ile ya awali. Ikirundikana hupasuka, hukausha ngozi na mwasho unarudi palepale. Penye nywele nyingi huganda vibaya.

Inapofaa hasa ni kwa vipele vya mbu, vya viroboto (angalia vifundoni na miguuni) na vya kunguni, ambavyo mara nyingi hujipanga mstari sehemu isiyofunikwa na nguo usiku. Ila kwa kunguni, bila kushughulikia kitanda utanunua chupa hadi uchoke.

Nyuki ni habari nyingine. Mwiba utoke haraka, kwa ukucha au ukingo wa kadi. Kuwahi ni muhimu kuliko mbinu. Osha, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10, na maumivu yapewe parasetamoli. Kalamini ingoje mwasho uanze. Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, kwa hiyo usichokonoe.

Yule mdudu mwembamba mweusi na chungwa, ambaye wengi humwita Nairobi fly, haumi kabisa. Ukimponda, majimaji yake huunguza, na mstari mwekundu wenye malengelenge hutokea baada ya siku moja hivi. Mpulize aondoke. Akishapondeka, osha ngozi na mikono mara moja kwa sabuni kabla hujagusa macho. Lengelenge likipasuka, usipake kalamini: hukauka na kung'ang'ania kidonda.

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Chupa nyingine zimeongezwa difenihidramini, dawa ya mzio. Hizo usipake eneo kubwa wala usichanganye na vidonge vya dawa hiyohiyo. Na muuzaji akikubadilishia kwa tyubu ya mchanganyiko yenye klobetasoli, kataa. Hiyo ni steroidi kali inayopunguza unene wa ngozi, si ya kipele cha mbu.

Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au mtu akiishiwa nguvu baada ya kuumwa, acha chupa nyumbani: hospitali sasa hivi, anahitaji adrenalini.