Seti ya molekuli za plastiki kwa kidato cha tano na sita: nunua mbili

Wazazi huniuliza kama kuna kitu cha kumsaidia mtoto wa PCB (mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia) ambaye baiolojia anaimudu, fizikia anaimudu, lakini kemia oganiki, ile ya misombo ya kaboni, imemshinda. Nafundisha tuisheni ya kemia hapa Unguja, na jibu langu siku hizi ni seti ya molekuli: kisanduku cha vitufe vya rangi, kila kimoja kikiwa atomi, na vijiti vya kuviunganishia. Hii ninayoieleza niliinunua kwenye duka la vifaa vya maabara Kariakoo kwa shilingi 38,000, na imeshapita mikononi mwa wanafunzi wa skuli tofauti.

Ndani mna kaboni 12 nyeusi, hidrojeni 24 nyeupe, oksijeni 6 nyekundu, nitrojeni 4 za buluu, na vitufe 4 vya kijani ambavyo ni klorini, ingawa sisi tunavitumia kwa bromini pia. Rangi hizi si za kiwanda hiki. Mwaka 1865 mjini London, mwanakemia August Wilhelm von Hofmann alionyesha molekuli kwa mipira ya mchezo wa krokei iliyopakwa rangi hizi hizi. Molekuli zake zilikuwa bapa. Mwaka 1874 ndipo wanakemia van 't Hoff na Le Bel, kila mmoja kivyake, walipoeleza kwamba bondi nne za kaboni, yaani viungo vyake na atomi nyingine, zinaelekea kwenye pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua kitufe cheusi uangalie matundu yake: lazima yawe manne, na kati ya tundu na tundu iwe kama nyuzi 109. Hii yangu nimeipima, iko sawa. Nimeona sokoni seti rahisi zaidi zenye matundu ya nyuzi 90. Hizo ziache, zitamfundisha mtoto uongo.

Seti inapolipa gharama yake ni kwenye maswali ya mmenyuko. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni 2-bromobutani: mnyororo wa kaboni nne wenye bromini kwenye kaboni ya pili. Mwanafunzi ameshakariri kwamba ukiichemsha na potasiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa kwenye alkoholi, hidrojeni na bromini zinaondoka na unapata butini (butene, yenye bondi maradufu), kwa wingi but-2-ini, na ya trans (ncha mbili za mnyororo ziko pande tofauti za bondi hiyo) kuliko ya cis (ziko upande mmoja). Muulize kwa nini trans, ananyamaza. Sasa mpe vitufe aijenge. Mwambie hidrojeni inayoondoka kwenye kaboni ya tatu ikae upande ulio kinyume kabisa na bromini, kisha azungushe bondi iliyo katikati. Ataona mwenyewe kwamba kaboni ya tatu ina hidrojeni mbili, kwa hiyo kuna mikao miwili inayokubali. Katika mmoja, makundi mawili ya methili (kaboni moja na hidrojeni tatu) yako mbali. Katika mwingine yamebanana, na vitufe vyenyewe vinagusana ukivizungusha. Mkao wa kwanza unazaa trans, wa pili unazaa cis. Binti mmoja aliniambia, "Mwalimu, kumbe hii haihitaji kukaririwa." Hilo ndilo ninalolitaka kwa kila mwanafunzi, na ubao peke yake haujawahi kunipa.

Molekuli hiyo hiyo ina swali jingine. Badala ya kuondoa, haidroksaidi inaweza kuchukua nafasi ya bromini kwa kuingia kutoka nyuma. Makundi matatu yaliyobaki yanageukia upande wa pili kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, na 2-bromobutani ya aina R inatoa butan-2-oli ya aina S (R na S ni maumbo mawili yanayotofautiana kama kitu na taswira yake kwenye kioo). Mwanakemia Paul Walden aligundua kugeuka kwa namna hii mwaka 1896, na wanafunzi wangu wanaligundua upya mezani: wanajenga molekuli ya kuanzia na ya kumalizia, wanaziweka pamoja mbele ya kioo, wanabishana. Hapa lakini seti ina upungufu wake. Kaboni ina matundu manne tu, basi ile hatua ya katikati, bromini ikiwa haijatoka na oksijeni imeshaanza kushika, huwezi kuijenga. Mwalimu au mwenzako lazima ashike kitufe chekundu kwa mkono.

Kasoro inayoniudhi hasa ni vijiti. Vifupi vigumu vya bondi moja ni vingi. Virefu vinavyopinda, ambavyo unahitaji viwili kwa kila bondi maradufu, viko 6 tu. Sita vinatosha pete ya benzeni, ile ya kaboni sita yenye bondi maradufu tatu, peke yake na vinaishia hapo. Sisi hapa visiwani hatuwezi kufundisha oganiki bila eugenoli, ile inayoyapa mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu) harufu yake. Eugenoli ina kaboni 10, hidrojeni 12 na oksijeni 2: vitufe vinatosha. Lakini ina pete ya benzeni pamoja na bondi maradufu kwenye mkia, yaani vijiti virefu 8. Kwa hiyo nilinunua seti ya pili.

Na eugenoli inastahili gharama hiyo. Ipashe moto na potasiamu haidroksaidi kali, bondi maradufu ya mwisho wa mkia inasogea hatua moja kuelekea kwenye pete, unapata isoeugenoli: fomula ile ile, umbo jingine. Ikate bondi hiyo kwa oksidisho, baada ya kulikinga kundi la OH lisiharibike, unafika kwenye vanilini, harufu ya vanila iliyomo kwenye keki na aiskrimu. Karne ya 19 vanilini ilitengenezwa kwa njia hii. Kijana wa Pemba akivunja kijiti kile kwa mkono wake na kuona kaboni mbili za mkia zinabaki mezani, hasahau ni bondi gani iliyokatwa.

Kwa maswali ya kawaida ya sintesisi, yaani kutengeneza kemikali moja kutoka nyingine, usitarajie mengi. "Kutoka ethanoli, tengeneza asidi ya propanoiki" ni swali la kuongeza kaboni moja, na ugumu wake uko kwenye kuchagua kemikali na mpangilio wake: ethanoli kwenda bromoethani, kisha ama sayanidi na hidrolisisi (kuvunja kwa maji), ama magnesiamu kwenye etha kavu na kaboni dioksaidi. Vitufe havikwambii hayo. Hapo tunatumia kalamu na karatasi, tukianza na jibu na kurudi nyuma hatua kwa hatua, njia iliyompa mwanakemia E. J. Corey Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kijitabu kilichomo kisandukuni hakisaidii pia. Kina picha za kujenga na majina tu, hakuna swali hata moja la mmenyuko.

Plastiki ni imara. Hidrojeni chache zimelegea matundu, nyingine zote zinashika kama mwanzo. Kwa kikundi cha wanafunzi wanne wanaosoma pamoja, seti mbili zinawatosha, wakichangia ni shilingi 19,000 kila mmoja. Mwenye duka akikubali, fungua kisanduku hapo hapo uhesabu vijiti virefu kabla hujatoa pesa.