Tofali la teleka: bidhaa nzuri inayoharibikia saiti

Ukiliona dukani, tofali la teleka halina la kushangaza. Ni kisanduku kilichofungwa pande zote, na mbele kina tundu moja tu, upana milimita 65, kimo milimita 28 hadi 30. Linajengewa ndani ya ukuta wa nje na kubaki humo muda wote nyumba itakaposimama. Limetengenezwa kwa ajili ya teleka wa Ulaya, ndege ambaye Uingereza ya zamani ilimpa makao bila kujua, katika mianya ya vigae na nyufa za penu. Ukarabati wa kuzuia baridi umeziba mianya hiyo, na nyumba mpya hujengwa bila hata mmoja. Mwaka 2021 teleka aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo.

Tuanze na tundu, maana ndilo watu wanalolichezea. Kimo kile kidogo kimekusudiwa kumzuia kwezi. Ukilitanua kidogo tu ili "ndege apite vizuri", kwezi anawahi kuingia mapema majira ya kuchipua, na teleka anayefika Mei anakuta nyumba ina mwenyewe. Shomoro hazuiliki kwa tundu hilo, na hilo si hasara: naye amepungua katika miji ya Uingereza, na tofali lililokaliwa na shomoro limefanya kazi. Ndani, sakafu ipatayo sentimita 30 kwa 15 inatosha jozi moja. Kabla ya kulipa, angalia kama sakafu ina kibonde kidogo. Teleka hajengi kiota cha maana. Hudaka manyoya na nyasi zinazopeperuka hewani, akazigandisha kwa mate. Pasipo kibonde, mayai yake mawili au matatu huviringika. Angalia pia uso ulio chini ya tundu. Ukiwa laini kama sahani, ndege hana pa kushikia kucha.

Sokoni kuna aina kuu mbili. Ya plastiki ni nyepesi, nafuu, na mbele hubandikwa kipande chembamba cha tofali lile lile la nyumba, hivyo kutoka barabarani unaona kijitundu tu. Ya saruji iliyochanganywa na mbao za kusagwa ni nzito, lakini inatuliza joto vizuri na uso wake ni wa kukwaruza. Kwa ukuta wa kaskazini au mashariki, plastiki inafaa kabisa. Kwa ukuta wa kusini usio na kivuli cha upenu, usiweke plastiki. Huko Ulaya jua hupiga upande huo, na makinda hukaa ndani wiki sita hivi, katikati ya kiangazi.

Upande wa vipimo vya ukuta, kazi ni rahisi kuliko wasanifu wanavyodhani. Tofali la Uingereza lina urefu wa milimita 215, upana 102.5 na kimo 65, na mota (saruji ya kuunganishia) milimita 10. Kisanduku cha kozi (mistari ya matofali) mbili kwa urefu wa tofali moja na nusu kinaingia kwenye mpangilio wa matofali hayo hayo: fundi anaacha pengo la kimo cha milimita 140 na mota zake, anapima kwa pima maji, anakiweka na kuendelea. Kinachohitaji akili ni nyuma yake. Ukuta una tabaka mbili zenye uwazi katikati, na visanduku vingi vina kina kinachopita tabaka la nje. Kikigusa tabaka la ndani, unyevu umepata daraja, na baada ya mvua chache doa litajitokeza chumbani. Kata kizuia baridi kwa kipimo cha kisanduku, acha kilichobaki nyuma yake kishikamane, na usiruhusu mota idondokee kwenye uwazi huo.

Halafu mahali pa kuweka. Miguu ya teleka ni mifupi mno. Haruki kutoka tawini kama ndege wengine. Hutoka tunduni kwa kujiangusha, mwendo ukamshika hewani. Ndiyo maana kimo kisipungue mita 5, na chini na mbele kusiwe na mti, waya, mmea unaotambaa wala paa la kibaraza. Matofali yawekwe kwa makundi, maana ndege huyu huishi kwa ujirani. Kiwango cha Uingereza cha BS 42021 cha mwaka 2022 kinataka idadi ya visanduku isipungue idadi ya makazi katika mradi. Mji wa Brighton na Hove umeyadai kwenye majengo mapya yanayozidi mita 5 tangu 2020.

Makosa ya saiti ni yale yale. Mota iliyofurika hukauka ndani ya tundu. Karatasi ya kukinga uso haibanduliwi, na jukwaa likishashushwa hakuna anayepanda tena kwa sababu ya karatasi. Mchoro unaonyesha tofali, ila bomba la maji ya mvua linakuja kupita mbele yake kwa sababu fundi bomba alikuwa na mchoro mwingine. Dawa ni mtu mmoja kukagua kila tundu kwa tochi kabla jukwaa halijaondolewa. Dakika mbili kwa kila moja.

Malalamiko tunayoyasoma sana ni kwamba "halina ndege". Mwaka wa kwanza hilo ni kawaida. Teleka huanza kuzaa akiwa na miaka minne hivi, na aliyezoea tundu lake halihami. Wanaotafuta pa kukaa ni vijana wanaozunguka penu mwezi Juni na Julai. Wapigie sauti za teleka kwa kipaza sauti kidogo karibu na tundu, asubuhi na jioni, kuanzia Mei. Kusafisha hakuhitajiki, na kinyesi hakichafui ukuta, kwani wazazi hukiondoa.

Teleka hawa hawa huvuka Sahara na kupitisha miezi ya baridi ya Ulaya angani juu ya bonde la Kongo. Lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiagize tofali hili. Teleka wanaojenga kwenye majengo yetu ni wale wadogo wenye kiuno cheupe, na wao hubandika viota vya manyoya na nyasi kwa msongamano chini ya madaraja na dari za nje. Wanachohitaji ni zege la kukwaruza lisilopigwa lipu chini ya upenu mrefu, na mpaka rangi asiyewabomolea kila mwaka.