Kunguru wa India au Kunguru Mweupe Kifuani: Picha Ikiwa na Ukungu

Picha ya simu iliyovutwa mpaka ikapasuka haina maana ukiangalia rangi pekee. Jua la saa sita huufanya ukijivu uonekane mweupe, na kivuli cha mwembe hugeuza weupe kuwa kijivu. Basi, kutofautisha kunguru hawa wawili, angalia rangi hafifu imekaa wapi na inaishaje.

Kunguru mweupe kifuani, ambaye ni wa asili wa Afrika, ana weupe unaoshuka kifuani hadi tumboni na kuzunguka nyuma ya shingo, na mpaka wake na weusi ni mkali. Hata picha mbovu huuonyesha, mradi ndege hajakupa ubavu wenye giza. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ana kijivu kisogoni, shingoni na kifuani juu. Kinafifia polepole bila mstari, na tumbo linabaki jeusi-jeusi. Nikiona tumbo jeupe, kwangu mjadala umekwisha.

Umbo husaidia kiasi: wa India ni mwembamba, wa asili ni mkubwa zaidi. Ila ukubwa usiuamini kama hakuna kitu cha kupimia, kwa mfano njiwa au tofali kando yake.

Mahali nako hudanganya. Dar es Salaam na Mombasa wa India wamejaa, kwa hiyo macho hukimbilia jina hilo kabla ya kutazama. Ukimwona mgongoni tu, kaulizie picha ya pili.